Tujue Watoto Wetu Wako Wapi: Somo la Vikundi



 Katika mikutano yetu kuna swali ambalo limekuwa likirudi kila mara: ati kuna programu za simu za bure zinazomwonyesha mzazi mahali mtoto yuko. Je, ni nzuri? Tuzitumie?

Somo hili ni la kujibu swali hilo. Pia ni la kusahihisha kosa letu sisi wenyewe. Mara ya kwanza tulipofundisha jambo hili tulilifundisha nusu. Tulionyesha vile mzazi anavyoweka programu, tukasahau kusema jinsi ya kukaa na mtoto baada ya kuiweka.

Katibu asome kwa sauti, pole pole, sehemu moja moja. Palipo na maswali, simameni mzungumze kwanza. Kama muda ni mchache, gawanyeni somo mara mbili. Na kama kuna vijana karibu, waiteni wakae na ninyi. Somo hili linawahusu.

TUANZE NA KISA

Kisa hiki ni cha kweli. Wenyewe wamekubali tukisimulie, mradi tusitaje majina.

Baba mmoja, mwanachama wa kikundi tunachokitembelea, ana binti wa miaka 15. Alimnunulia simu ya kupangusa kioo, akaja kwenye somo letu, akajifunza. Usiku huo, binti akiwa amelala, akaichukua ile simu akaiweka programu ya kumfuata. Hakumwambia binti. Hata mama watoto hakumwambia.

Wiki mbili zikapita. Jioni moja, kama saa mbili usiku, baba akafungua simu yake akaona kidoti kiko sokoni, karibu na mahali pa kuuzia pombe. Akangoja mlangoni na fimbo. Binti alipofika hakuulizwa neno.

Ukweli ulikuwa hivi. Mama alikuwa amemtuma kwa kukhu, nyanya yake, amepelekea uji kwa sababu nyanya alikuwa mgonjwa. Baada ya kumtuma, mama mwenyewe alienda kukesha kwenye matanga ya jirani. Nyumba ya nyanya iko kama kilomita moja kutoka sokoni. Akiwa ndani, chini ya mabati, simu haikuona vizuri mbinguni ikakisia mahali. Ikakisia vibaya.

Asubuhi binti hakuwepo. Alikuwa ameacha simu chini ya mto, ikiwa imewashwa. Baba alikuwa ameenda kazini Webuye. Kila alipotazama kidoti, kilimwambia binti yuko nyumbani. Mama alirudi kutoka matanga, akadhani binti yuko kwa nyanya. Nyanya naye akadhani yuko kwa mama. Siku nzima ikaisha hivyo. Walipokutana jioni ndipo wakajua kwamba hakuna aliyemwona.

Jirani mmoja akawaambia hakuna haja ya kwenda polisi, ati lazima wangoje saa 24. Wakangoja.

Binti alikuwa amepanda matatu kwenda kwa senge yake Kiminini. Akapitiliza kwa woga, akajikuta stendi ya Kitale usiku. Mama mmoja muuza chai akamwona analia, akamuuliza, "Una namba ya mtu wenu tumpigie?" Hakuwa na namba hata moja kichwani. Zote zilikuwa ndani ya ile simu. Mama huyo akamlaza kwake, na asubuhi akampeleka Kiminini, wakauliza-uliza mpaka wakampata senge. Saa nne senge akapiga simu Bokoli.

Tulimshukuru Mungu. Lakini hatukusahau kwamba yule baba alikuwa amefanya vile tulivyomfundisha.

Maswali ya kuzungumza:
1. Nani alikosea katika kisa hiki? Je, ni simu?
2. Kidoti kilidanganya mara ngapi? Kila mara kilidanganyaje?
3. Ni nini kilichomwokoa binti?

SIMU INAJUAJE MAHALI?

Mkulima mzuri huijua jembe yake kabla ya kuingia shambani. Nasi tujue chombo hiki kinavyofanya kazi.

Huko juu angani, kama kilomita 20,000 kutoka ardhini, kuna satelaiti zaidi ya 24 za serikali ya Marekani ambazo hutuma ishara mchana na usiku. Mpango huo unaitwa GPS. Simu hupokea ishara za satelaiti kadhaa, ikapima muda ambao kila ishara imechukua kufika, ikahesabu mahali ilipo. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikipunguza usahihi wa ishara hizo kwa makusudi kwa watu wasio wanajeshi. Mwezi Mei mwaka huo ikaacha. Leo simu ya kawaida iliyo mahali wazi, kama uwanjani, yaweza kukosea kwa mita chache tu.

Lakini simu ikiwa ndani ya nyumba au ndani ya sanduku, ishara hufifia. Hapo simu hukisia kwa kutumia minara ya mtandao iliyo karibu. Mjini minara ni mingi, kwa hiyo makisio huwa afadhali. Kijijini minara iko mbali mbali, na makisio yaweza kukosea kwa kilomita nzima au zaidi. Mara nyingi ramani huonyesha duara kubwa kuzunguka kidoti. Maana ya duara ni kwamba, "Niko mahali fulani humu ndani, sijui ni wapi hasa." Yule baba aliona kidoti, hakuona duara.

Jambo lingine: kupokea ishara ya satelaiti hakuhitaji bando. Lakini kumtumia mzazi habari hiyo kunahitaji bando na mtandao. Bando likiisha au chaji ikiisha, kidoti husimama pale kilipoonekana mwisho. Kidoti kilichosimama si lazima kiwe mtoto aliyesimama. Tazameni saa iliyoandikwa kando yake.

Na kubwa kuliko yote: programu huonyesha mahali simu iko. Haionyeshi mahali mtoto yuko.

NJIA ZA BURE ZILIZOPO

Hakuna haja ya kununua kitu. Njia hizi nne hazilipishwi, isipokuwa bando:

1. WhatsApp. Wengi wenu mnayo tayari. Mtu akifungua mazungumzo na wewe, akaenda pale anapoambatisha picha, ataona neno Location. Hapo anaweza kukuonyesha anapokwenda kwa dakika 15, kwa saa 1, au kwa saa 8. Muda ukiisha hujifunga yenyewe. Mwenye simu anaweza kuifunga hata kabla. Hii ndiyo tunayoipenda zaidi kwa safari.

2. Ramani ya Google, yaani Google Maps. Nayo humruhusu mtu kumwonyesha mwenzake mahali alipo, kwa muda au mpaka aifunge. Hapa mkae macho, kwa sababu ukichagua isiyo na mwisho utasahau kuifunga.

3. Family Link ya Google. Hii ni ya mzazi na mtoto mwenye simu yake. Mzazi huona mahali simu iko, na pia hupanga saa za kutumia simu na programu za kuwekwa. Haijifichi. Mtoto huona wazi kwamba simu yake inasimamiwa, na sisi tunaona hilo ni jambo jema.

4. Find Hub, ambayo zamani iliitwa Find My Device. Hii ni ya kutafuta simu iliyopotea au kuibwa, na yaweza kuifanya ilie kwa sauti kubwa. Ni nzuri kwa kazi hiyo.

Mama mmoja alituambia, "Mwalimu, mimi yangu ni kabambe ya kubonyeza, basi somo hili si langu." La, mama, ni lako. Endelea kusikiliza.

BURE NAYO INA BEI

Mtu akikupa mbuzi bure, utamuuliza ametoka wapi. Programu nayo tuiulize: mwenye kuitengeneza anakula nini?

Mwaka 2021 gazeti la mtandaoni la Marekani liitwalo The Markup lilifichua kwamba Life360, programu ya familia inayotumiwa na mamilioni ya watu, ilikuwa ikiuza habari za mahali watumiaji wake wanapokwenda, watoto wakiwemo, kwa wafanyabiashara wa habari kama hizo. Baada ya kelele, mwezi Januari 2022 kampuni hiyo ilisema itaacha kuuza habari za mahali hasa mtu alipo. Basi kama wazazi wa Marekani wamefanyiwa hivyo wakilala, sisi tusidhani tuko salama.

Kwa hiyo tushike haya:
- Tusiweke programu tuliyotumiwa na mtu kwa ujumbe. Tuichukue dukani mwa simu yenyewe, Play Store.
- Tusiweke programu inayojisifu kwamba mtu hatajua anafuatwa. Hiyo ni ya wapelelezi, na mara nyingi hutumiwa na waume au wapenzi wenye wivu kuwatesa wenzao.
- Tusiweke kidoti cha mtoto kwenye kundi la WhatsApp la watu wengi. Anayekuona unakolala aweza kuwa na nia mbaya. Watu wawili au watatu wanaoaminika wanatosha.

Sheria nayo inasema. Katiba yetu ya 2010 inataka kila jambo linalomhusu mtoto lipimwe kwanza kwa faida ya mtoto. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu kampuni kutumia habari za mtoto bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya faragha, na mzazi nayo inamwachia haki ya kumsimamia mtoto kwa kiasi kinachofaa. Haki hizo mbili hazipigani. Zinataka mzazi na mtoto wazungumze.

MTOTO LAZIMA AJUE

Hapa ndipo tulipofundisha nusu. Tukamilishe sasa.

Tukumbuke habari ya Yesu alipokuwa na miaka 12, katika Luka sura ya 2. Yosefu na Maria walisafiri mwendo wa siku nzima wakidhani yuko katika msafara pamoja na jamaa. Ni kama wale wazazi wa kisa chetu: kila mmoja alidhani yuko kwa mwingine. Walipogundua, hawakungoja. Waliuliza kwa ndugu na marafiki, kisha wakarudi Yerusalemu. Na walipompata baada ya siku tatu, mama yake alianza kwa swali. Alimwambia uchungu waliokuwa nao, akamwuliza sababu. Hakuanza na fimbo.

Basi mzazi akitaka kutumia programu, akae na mtoto kwanza, mchana, bila hasira. Wakubaliane mambo matano:

1. Kwa nini tunaiweka. "Ni kwa sababu nakuhofia njiani," si "kwa sababu sikuamini."
2. Itawashwa lini. Safarini? Jioni? Si lazima iwe saa zote.
3. Nani ataona. Baba na mama tu, au na senge pia?
4. Kidoti kikionyesha jambo la ajabu, tutafanya nini. Jibu ni moja: tutapiga simu na kuuliza. Hakuna adhabu kwa sababu ya kidoti.
5. Tutaiondoa lini. Mtoto wa miaka 8 na kijana wa miaka 17 hawachungwi sawa.

Yule baba na binti yake waliketi hivyo, mama akiwepo, miezi miwili baada ya kisa. Haikuwa rahisi. Baba aliomba msamaha, jambo ambalo wengi wetu kina baba hatukulizoea. Binti alisema yeye mwenyewe atawasha kidoti akitoka jioni, na atakizima akifika. Mpaka sasa anafanya hivyo.

SIMU MOJA, MACHO MENGI

Watoto wetu wengi hawana simu, na shuleni simu haziruhusiwi. Je, tuwaache? La. Hapa ndipo kazi ya kikundi ilipo. Kidoti si lazima kiwe cha mtoto. Chaweza kuwa cha mtu mzima anayekwenda naye.

Mfano wa kwanza: safari. Mtoto anatoka Bokoli kwenda Kitale kufungua shule. Anakwenda na kijana wa jumuiya mwenye simu. Kijana anawasha WhatsApp kwa saa 8 amwonyeshe mzazi mmoja na mtu wa Kitale anayewangoja. Bodaboda hadi Misikhu, kisha matatu: mzazi anaona Kamukuywa, anaona Kiminini, anaona Kitale. Wakifika, mtoto mwenyewe anasema kwa simu, "Mama, nimefika." Sauti ya mtoto ndiyo mwisho wa safari.

Mfano wa pili: Agosti ya mwaka wa shufwa, kama 2024 na 2026. Wavulana wetu wanaokaribia kutahiriwa hutembea na kengele zao mbali sana kualika wajomba na shangazi, na hurudi usiku. Vijana wengi hufuatana nao, na wageni wengi huwa njiani. Kikundi chaweza kuchagua mtu mzima mmoja asiyekunywa, awe na simu yenye chaji, awashe kidoti jioni nzima. Akina mama wenye kabambe wapigiwe simu kila wanapofika boma jipya. Tufanye hivyo pia kwa wasichana wanaofuata msafara. Matanga yanayopigwa disko usiku, ingawa yamekatazwa mara nyingi, bado yapo, na huko ndiko wengi wameharibiwa.

Na haya manne hayahitaji bando hata kidogo:
- Kila mtoto ajue kwa kichwa namba mbili za simu. Mfundishe kwa wimbo kama alivyojifunza hesabu.
- Ajue jina lake kamili, jina la kijiji, na jina la chifu.
- Familia iwe na neno la siri. Mtu akija shuleni kusema, "Nimetumwa na mama yako," mtoto amwulize neno. Hana neno, asimfuate.
- Kila jioni, kabla giza halijaingia, mtu mmoja katika boma ahesabu watoto. Asidhani. Ahesabu.

MTOTO ASIPOONEKANA

1. Mpigie simu, kisha wapigie wote anaoweza kuwa kwao. Tazama kidoti kama kipo, na saa yake.
2. Tuma watu mahali kidoti kilipo na njia zinazotoka hapo. Wambie mzee wa kijiji na wenzako wa Nyumba Kumi.
3. Nenda polisi mara moja. Hakuna sheria inayosema mzazi angoje saa 24. Beba picha ya mtoto, ueleze nguo alizovaa, ukachukue namba ya OB. Usiondoke bila namba hiyo.
4. Piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, mchana au usiku. Polisi hupatikana pia kwa 999 au 112.
5. Ukituma picha yake kwa simu, andika umri, mahali alipoonekana mwisho, na namba ya OB. Usiandike ugomvi wa nyumbani. Akipatikana, omba watu waifute.
6. Akipatikana, mpe chakula, mpumzishe, kisha uulize. Kama ameumizwa, mpeleke hospitali kabla ya kumwosha wala kubadilisha nguo.

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

1. Kila mwanachama amsikilize mtoto wake akitaja namba mbili kwa kichwa. Katibu aandike waliofaulu.
2. Chagueni watu wawili wenye simu na tabia njema wa kusindikiza watoto safarini. Kikundi kiwanunulie bando kutoka mfuko wa dharura. Andikeni hilo katika kumbukumbu.
3. Wazazi walio na programu ya siri kwenye simu ya mtoto waitoe, au waketi na mtoto waieleze. Wiki hii.
4. Mmoja wenu azungumze na walimu juu ya neno la siri.

Maswali ya mwisho:
1. Je, watoto wetu wakipotea njia leo, wangetaka kutupigia sisi kwanza? Kama sivyo, kwa nini?
2. Waulizeni vijana waliokaa nanyi: nini kingewafanya wakubali kuonyesha mahali walipo?

Yule mama muuza chai wa Kitale hana programu yoyote. Alimwona mtoto analia, akamwuliza. Tukiwa na simu au tusiwe nayo, kila mmoja wetu awe mtu wa namna hiyo kwa mtoto wa mwenzake.

Tukutane tena katika toleo lijalo. Leteni majibu yenu kwa katekista wenu au ofisini, nasi tutayasoma yote.